Kufundisha Uondoaji wa Madoa katika Shule ya Msingi

Katika somo la usafi wa mavazi ipo desturi iliyozoeleka mno. Mwalimu huandika ubaoni safu mbili: upande mmoja majina ya madoa, upande wa pili dawa zake. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huandika bila kosa kwamba kutu huondolewa kwa limau na chumvi. Jioni ya siku hiyo hiyo mtoto hupata damu kwenye shati lake la shule. Huchemsha maji, akatia sabuni nyingi, akasugua mpaka vidole vikamuuma. Na doa likabaki pale pale, la kahawia, lisilotoka tena. Orodha anaijua, lakini sababu hakufundishwa. Na kwa mtoto mwenye sare moja, shati lililoharibika halina badala yake.

Katika makala haya tungependa kuwashauri walimu-wanafunzi waanzie mahali pengine. Kabla ya kushika sabuni, mtoto azoezwe kuuliza: doa hili limetokana na nini? Kwani madoa huweza kufanana kwa sura yakatofautiana kwa asili. Doa la chai, la kutu na la damu iliyokauka yote ni ya kahawia, nayo yanataka njia tatu mbalimbali. Na njia inayoliondoa moja huweza kuligandisha jingine.

Jaribio la damu ndilo bora la kuanzia. Mwalimu atafute vipande viwili vya kitambaa cheupe cha pamba, vikubwa kama kiganja, avikandamize juu ya nyama mbichi au ini kutoka buchani mpaka vipate doa. (Damu ya mtu isitumiwe kamwe darasani, hata tone moja, kwa sababu ya maradhi yanayoambukizwa kwa damu.) Kipande cha kwanza kitumbukizwe katika maji yaliyotoka kuchemka, cha pili katika maji baridi yenye chumvi kidogo. Baada ya nusu saa vyote vifuliwe kwa sabuni ile ile. Tofauti itaonekana kabla mwalimu hajafungua kinywa, wala asifanye haraka kuieleza. Awaulize kwanza: ute wa yai huwaje uwekwapo kwenye kikaango? Kila mtoto amekwisha kuona kwamba ulikuwa majimaji na mwangavu, kisha ukawa mweupe na mgumu, na hata upoe haurudi ulivyokuwa. Damu nayo ina protini, kama ute ule; joto huigandisha katikati ya nyuzi za kitambaa. Mtoto aliyeuona uhusiano huo hahitaji kukariri kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi. Atajua pia, bila kuambiwa, la kufanya kwa doa la yai au la maziwa. Chai ya maziwa itamfikirisha zaidi: huanzwa kwa maji baridi ili maziwa yatoke, ndipo hufuatwa na maji ya moto kwa ajili ya rangi ya majani.

Jaribio hili lina uzito mwingine ambao mwalimu hapaswi kuukwepa. Katika madarasa ya juu wamo wasichana waliokwisha kuanza hedhi, na hofu ya kuonekana na doa kwenye sketi huwafanya baadhi yao wabaki nyumbani siku hizo. Tunashauri damu ifundishwe kwa wavulana na wasichana pamoja, kama doa mojawapo, na neno hedhi litajwe kwa sauti ile ile inayotaja kutu na mafuta. Minong'ono ya mwalimu ndiyo inayozaa dhihaka ya darasa. Aidha, pawepo shuleni beseni, sabuni na khanga ya kujifunga, mahali ambapo msichana anaweza kwenda bila kuomba ruhusa mbele ya wenzake. Mwalimu wa kiume asidhani kwamba jambo hili si lake. Pengine siku hiyo ni yeye peke yake aliyepo.

Manjano, ile bizari ya mchuzi na pilau, hufurahisha darasa kuliko doa lolote. Ikisuguliwa kwa sabuni ya kipande hugeuka nyekundu papo hapo, na watoto hudhani nguo imeharibika. Kamulia limau: umanjano hurudi. Rangi ya manjano hubadilika ikutanapo na kitu chenye asili ya magadi, kama sabuni au maji ya majivu, na hurejea ikutanapo na ukali wa limau au siki. Limau basi halikuliondoa doa. Limelirudisha tu lilivyokuwa. Kinachoishinda manjano ni jua. Nguo ikishafuliwa kwa sabuni kuondoa mafuta ya mchuzi, ianikwe juani doa likielekea juu, na umanjano utafifia wenyewe.

Kutu huletwa na misumari, ndoo za bati, na zaidi ya yote zile nyaya za kuanikia nguo. Sabuni haiwezi kutu, kwa kuwa kutu si uchafu ulioshika kitambaa bali ni chuma kilichogeuka. Limau na chumvi huiyeyusha: pakaa, weka juani kwa saa moja hivi, kisha suuza sana. Udongo mwekundu wa mashambani hupata wekundu wake kutokana na chuma hicho hicho, lakini huo usiharakishwe kuloweshwa. Tope liachwe likauke, lipanguswe kwa brashi, ndipo nguo ifuliwe. Tope bichi likisuguliwa huzama ndani.

Hapa pana hatari ambayo lazima ielezwe kwa mkazo. Limau lisiposhinda, wengi hukimbilia dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo watu huiita jiki. Dawa hiyo ikichanganyika na limau au siki hutoa gesi ya klorini, yenye sumu inayounguza macho na mapafu. Ikichanganyika na amonia, nayo ni hatari vivyo hivyo, na mkojo uliokaa una amonia. Visichanganywe kabisa, wala visifuatane katika beseni moja bila kusuuzwa. Tena jiki haiondoi kutu, huizidisha. Hula sufu na hariri, na hupausha kaki na bluu za sare. Kazi yake ni moja, pamba nyeupe, tena ikiwa imezimuliwa kwa maji. Mtoto asipewe kuishika.

Mafuta ya kupikia yana dawa mikononi mwa mwalimu mwenyewe. Chaki iliyosagwa, ikinyunyizwa juu ya doa bichi na kuachwa kwa muda, hufyonza sehemu kubwa ya mafuta. Yanayobaki huondolewa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Wino wa bolpeni hauyeyuki katika maji, bali katika spiriti: weka kitambaa kikuukuu chini ya doa, kisha gusagusa kwa pamba yenye spiriti, mbali na moto. Nta ya mshumaa ikwanguliwe, halafu ipigwe pasi juu ya karatasi.

Mwalimu awe mkweli kuhusu yasiyotoka. Utomvu wa ndizi na maji ya bibo la korosho ni mfano wa madoa hayo. Utomvu ukitoka kwenye mgomba hauna rangi kubwa. Hewa ndiyo inayougeuza kuwa kahawia, halafu mweusi. Ukioshwa mara moja kuna matumaini. Ukikauka kwenye nguo ya rangi, hauna dawa tunayoweza kuisifu, na akina mama wa Bukoba na Rungwe wana hekima wanapovaa nguo kuukuu kwa kazi hiyo.

Kuhusu zulia na busati tutasema machache, maana tofauti yake na nguo ni moja tu: haviwezi kuloweshwa na kukamuliwa. Maji yakizama ndani huleta uvundo na ukungu. Doa lifyonzwe kwa kitambaa kikavu, kutoka ukingoni kwenda katikati lisije likatanuka, na dawa yoyote ijaribiwe kwanza pembeni pasipoonekana. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi nao hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa rangi zake huchuja.

Ngozi ni kitambaa kilicho hai, na hapa tunataka watoto wazuiwe. Mafuta ya taa, petroli na jiki si vya kuoshea mikono. Mikono yenye utomvu husaidika kwa mafuta ya kula, kisha sabuni; afadhali ipakwe mafuta kabla ya kumenya, kama wafanyavyo wapishi. Hina haina haja ya kuondolewa: hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, nayo hutoka pamoja na tabaka hilo katika wiki chache. Piko nyeusi ni jambo jingine. Mara nyingi huwa ni rangi ya nywele yenye kemikali ya parafenilinidiamini, inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Ngozi ikiwasha au kutoka malengelenge, ioshwe kwa maji mengi na mtoto apelekwe zahanati.

Kwa kipindi cha dakika 40 majaribio mawili yanatosha. Vya damu na manjano vifanywe siku moja, kwa sababu vya damu vinapolowa kwa nusu saa darasa huwa lina kazi ya limau na sabuni. Ufuaji wa vipande vya damu na maelezo yake yashike dakika kumi za mwisho. Kitambaa cha manjano kikatwe vipande viwili, kimoja kianikwe juani na kingine kifungiwe kabatini, vikalinganishwe wiki inayofuata kabla somo la kutu halijaanza.