Safari ya Kuwa Tabibu (Sehemu ya Pili): Kutoka Darasani Hadi Wodini

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabu. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 12 tu, katika nchi yenye watu karibu milioni 10. Kuwasubiri vijana wamalize shahada ng'ambo kungekuwa ni kuwaacha wagonjwa wafe wakiwa kwenye foleni. Ndiyo maana shule ya udaktari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili, haikuanza na shahada. Ilianza kwa kufundisha watumishi wa tiba wa ngazi ya kati. Ifakara nako, mahali ambapo mwanasayansi wa Uswisi Rudolf Geigy alikuwa ameanzisha maabara mwaka 1957, kilifunguliwa kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini.

Warithi wa kazi hiyo leo ni tabibu msaidizi, anayesoma miaka miwili na kupata cheti, na tabibu, anayesoma miaka mitatu na kupata stashahada. Mwombaji wa stashahada anatakiwa awe amemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwanafunzi huanza na maumbile ya mwili na namna unavyofanya kazi, kisha magonjwa, dawa, watoto, uzazi na upasuaji mdogo.

Hayo yote yamo vitabuni. Kazi yenyewe iko kwingine.

Chukua mfano wa mtoto wa miezi minane aliyeletwa zahanati akikohoa. Hakuna eksirei, na pengine hata umeme haupo. Tabibu mwanafunzi anamwomba mama ampakate mtoto na asimnyonyeshe kwa wakati huo. Anamfunua nguo kifuani, anashika saa, na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakuruhusiwi, kwa kuwa mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio mmoja. Mtoto akilia, hesabu inaanza upya. Kwa umri huo, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, kiwango ni 40. Kisha anatazama chini ya mbavu: je, kifua kinabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi? Anamuuliza mama kama mtoto ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Jibu moja baya kati ya hayo linatosha kumfanya aandike rufaa mara moja.

Utaratibu huu, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, ulipimwa hapa hapa nchini. Watafiti walilinganisha Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako watumishi wengi wa vituo walikuwa wamefundishwa, na Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo yalikuwa bado. Katika kipindi cha miaka miwili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kule kwenye mafunzo. Wengi wa watumishi hao hawakuwa na shahada.

Ushahidi mwingine kwamba watumishi wasio na shahada wanaweza kutibu vizuri ulitoka chumba cha upasuaji. Kwa miongo kadhaa, tabibu aliyekwishafanya kazi miaka kadhaa aliweza kurudi chuoni kwa miaka miwili na kuwa daktari msaidizi, mwenye ruhusa ya kufanya upasuaji wa uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa hao ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji huo, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi kikubwa na ya madaktari wenye shahada. Siri yake haikuwa hiyo miaka miwili peke yake. Walikuwa wameingia darasani na mikono iliyokwishazoea wagonjwa. Baadaye mafunzo hayo yalisitishwa, na kwa tabibu anayetaka kupanda njia iliyobaki ni kuomba nafasi ya shahada ya udaktari na kuanza upya. Hiyo ni hasara. Ngazi ile ilistahili kuboreshwa, si kuondolewa.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe akasomee utabibu asiishie kutazama majengo na ada. Kwanza ahakikishe chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Kisha amuulize mkuu wa chuo: wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, kwa wiki ngapi, na wanakuwa wangapi kwa mwalimu mmoja kando ya kitanda cha mgonjwa? Akikosa jibu la moja kwa moja, aende chuo kingine.