Kompyuta inasuasua? Kagua picha kwanza

Ndugu msomaji unayejiandaa kurejea nyumbani, au unayevusha bidhaa pale Mutukula, usiuze kompyuta yako kuukuu kwa bei ya kutupa eti kwa sababu sinema zinafunguka kwa kusuasua. Huenda mashine haina kosa.

Hapa Kakiika, Mbarara, ninapotengeneza kompyuta, nyingi huletwa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Wenyewe huonyeshea sinema kibandani, na ndiyo riziki yao. Wengi hutumia Kodi, programu ya bure iliyoanza mwaka 2002 kwenye mashine ya michezo ya Xbox. Xbox ile ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 tu, na filamu ilionyesha.

Mara nyingi kinacholemea mashine ni skini, yaani vazi la programu: mandhari yake, vitufe na fremu. Vyote hivyo ni picha, na picha ni kama robota la mitumba. Likiwa limefungwa hukaa konani; likifunguliwa hujaza kibanda. Picha ya JPEG ya kilobaiti 200 ni ndogo kwenye diski. Lakini ikiwa na pikseli 1920 kwa 1080, ikifunguliwa kila pikseli hula baiti nne, jumla takriban megabaiti 8. Zikiwa kumi, ni 80. Tena kompyuta nyingi kuukuu huazima kumbukumbu hiyo hiyo kwa ajili ya skrini. Kubana faili zaidi kutaokoa diski, si kumbukumbu.

Dawa yake haina gharama. Kwanza, weka nakala ya skini ya awali. Pili, angalia kipimo cha skrini. Kama ni 1280 kwa 720, punguza picha ya mandhari hadi hapo. Itakula megabaiti 3.7 hivi. Tatu, mandhari ya rangi moja haihitaji picha kubwa: kipande kidogo cheupe chatosha, Kodi itakitandaza na kukitia rangi. Mwisho, programu ya TexturePacker hufunga picha zote katika faili moja, Textures.xbt, ili mashine isihangaike kufungua mamia ya faili.

Ikisuasua baada ya hayo, ndipo uzungumze na fundi habari ya kuongeza kumbukumbu.