KANISA KUU NI NINI?

Tulipozuru Mombasa nililiona Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Barabara ya Nkrumah. Lina minara miwili mirefu ajabu! Mwenzetu mmoja akasema ati ukiliona hilo, vikanisa vyetu vya mabati huku Kianjokoma si kitu.

Kwani ukuu ni ukubwa? La hasha! Kanisa huitwa kuu kwa sababu ya kiti cha askofu. Lile la Mombasa lilijengwa enzi za Waingereza, lakini Mombasa ilipata jimbo mwaka wa 1955 tu. Mawe yalikuwa yale yale. Sisi wa Embu tulipata jimbo letu mwaka wa 1986, lilipomegwa kutoka Meru.

Basi tusidharau vyetu. Mdharau chake ni mtumwa.