Ceteareth-20: Kinachoshika Mafuta na Maji Ndani ya Losheni

Mbaraki ni upande wa kazi wa kisiwa cha Mombasa. Kuna gati, maghala na malori yanayopanga foleni, na msimu wa kaskazi jua na upepo wa chumvi kutoka Kilindini huikausha ngozi ya mpakiaji kabla ya adhana ya adhuhuri. Losheni hapa ni kitu cha matumizi ya kila siku, hununuliwa pamoja na sabuni na dawa ya meno katika maduka ya njia ya kwenda feri ya Likoni. Lakini ukiigeuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma, utakutana na majina ambayo hakuna aliyetufundisha. Mojawapo linalojirudia sana ni ceteareth-20. Wapo wanaoliona wakairudisha chupa rafuni, wakidhani wameshika sumu. Inafaa kukijua kitu hicho ni nini, kinafanya kazi gani, na ni wapi mtu ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Losheni, kwa sehemu kubwa, ni maji na mafuta. Maji hulainisha ngozi, na mafuta huyazuia maji hayo yasipotee hewani. Shida ni kwamba viwili hivi havikai pamoja. Ukivitikisa ndani ya chupa, matone ya mafuta hutawanyika kidogo, kisha hukutana, hujiunga na kupanda juu. Panahitajika kitu cha tatu chenye uwezo wa kushika pande zote mbili. Kitu hicho ndicho emulsifaya.

Watu wa pwani wanaijua kazi hiyo tangu jikoni. Tui la nazi ni matone ya mafuta ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Ndiyo maana mpishi hukoroga mfululizo mpaka tui lichemke: akizubaa, moto huziharibu protini hizo na tui hukatika. Anayetaka mafuta ya nazi naye hulikata kwa makusudi; hulichemsha mpaka mafuta yaelee, kisha huyaengua. Tatizo la tui ni kwamba likilala nje huchacha, ilhali losheni inatakiwa kukaa dukani na nyumbani kwa miezi mingi katika joto letu. Hapo ndipo emulsifaya ya kiwandani inapoingia.

Ceteareth-20 hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza hupatikana alkoholi za mafuta, zenye minyororo ya kaboni 16 na 18. Mara nyingi asili yake ni mawese au nazi, ingawa zinaweza pia kutengenezwa kutokana na petroli. Ukiziona kwa macho ni vipande vyeupe vya nta. Kisha huunganishwa na gesi iitwayo ethilini oksidi, kwa wastani wa vipande 20 kwa kila molekuli. Ndiyo 20 inayosomeka katika jina. Inayopatikana ni molekuli yenye ncha mbili: mkia unaopenda mafuta na kichwa kirefu kinachopenda maji.

Mwaka 1949 William Griffin, mkemia wa kampuni ya Atlas Powder ya Marekani, alitoa kipimo cha kulinganisha nguvu za ncha hizo, kuanzia 0 hadi 20. Emulsifaya zenye namba 3 hadi 6 hutoa krimu nzito, ambamo maji yamefungwa ndani ya mafuta. Ceteareth-20 iko karibu na 15, kwa hiyo hutoa losheni nyepesi ambamo mafuta yametawanyika ndani ya maji, inayopakika bila kunata.

Utengenezaji wenyewe unapendeza kuutazama. Chombo kimoja kina maji na gliserini. Cha pili kina mafuta, ceteareth-20 na alkoholi ya mafuta. Vyote hupashwa moto mpaka nyuzi 70 hadi 75 za Selsiasi, kisha huchanganywa huku mashine ikikoroga kwa kasi. Papo hapo vimiminika viwili visivyo na rangi hugeuka vyeupe. Hakuna rangi iliyotiwa. Weupe huo ni mwanga unaotawanywa na matone yasiyohesabika, kila moja likiwa na upana wa mikromita chache tu. Molekuli za emulsifaya zimejipanga kulizunguka kila tone, mikia ndani ya mafuta, vichwa nje kwenye maji, na matone hayaungani tena kwa urahisi.

Sasa tuje kwenye hofu. Ya kwanza, katika mji wetu wa misikiti, ni neno alcohol. Cetearyl alcohol, ambayo huandamana na ceteareth-20 kwenye orodha, ni nta isiyolevya, na si ile ethanoli ya pombe. Swali la halali lenye uzito zaidi ni asili ya mafuta, kwa kuwa baadhi ya viambato vya losheni huweza kutoka kwa wanyama. Mwenye shaka atafute alama ya halali.

Hofu ya pili ina msingi. Ethilini oksidi ni gesi inayosababisha saratani, na inapounganishwa na alkoholi huweza kuacha chembe za dayoksani, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kiwanda makini huziondoa chembe hizo kwa mvuto wa ombwe. Mwaka 2015 kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba dayoksani isiyozidi sehemu 10 kwa milioni ni salama kwa mtumiaji wa vipodozi. Usalama wa losheni, basi, unategemea usafishaji kuliko urefu wa jina.

Hofu ya tatu ni ukali kwenye ngozi, na hapa emulsifaya hazilingani. Krimu ya Uingereza iitwayo Aqueous Cream, katika mchanganyiko wake wa asili, ilitumia emulsifaya iitwayo sodium lauryl sulfate kwa kiwango cha karibu asilimia 1. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath waliona kwamba watu wenye ngozi nzima walioipaka kwa wiki nne walipungukiwa na unene wa tabaka la nje la ngozi kwa zaidi ya asilimia 10. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikatoa tahadhari, hasa kwa watoto wenye ukurutu. Cetomacrogol, ndugu wa karibu wa ceteareth-20, haina chaji ya umeme na ni mpole zaidi. Ndiyo maana iko katika krimu nyingi wanazoandikiwa wagonjwa wa ukurutu.

Faida ya emulsifaya nzuri inaonekana Moshi, Tanzania. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC hutengenezwa Kilisun, krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Krimu ya aina hiyo ikikatika, vichujio vya jua havisambai sawasawa, na pasipofikiwa huungua. Kwa mtu asiye na melanini, hapo ndipo saratani ya ngozi inapoweza kuanzia.

Sumu inayotuumiza Afrika Mashariki haimo katika ceteareth-20. Imo katika zebaki na haidrokwinoni za krimu za kung'arisha ngozi, ambazo Kenya imezipiga marufuku na bado huuzwa kwa siri. Zebaki huharibu figo, na mara nyingi haiandikwi kwenye chupa kabisa.

Kwa hiyo, msomaji, nunua losheni yenye orodha kamili ya viambato, alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiiache juani wala ndani ya gari. Ikikatika, mafuta yakaonekana juu na maji chini, itupe. Ikikuwasha, acha kuipaka. Na mtoto mwenye ukurutu mpeleke kwa daktari wa ngozi kabla ya kumjaribishia chupa nyingine.