Je, Wajua? Shairi Tamu Lina wa Kuambiwa

Kila msomaji ana mashairi yake ya moyoni. Mengi ya kwangu yana sifa moja: mtunzi ana mtu anayemwambia, nasi wengine tunasikiliza pembeni.

Je, wajua kwamba utenzi mmoja mashuhuri wa pwani ulianza kama wosia wa nyumbani? Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Kabla ya mawaidha yoyote, anamwita aje karibu na wino na karatasi. Si yote anayoyasema kuhusu utii kwa mume yanayoniingia, lakini sauti ile ya mama hunikalisha kitako kila niusomapo.

Je, wajua kwamba katika *Al-Inkishafi* anayeonywa ni moyo wa mtunzi mwenyewe? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuona mji wa Pate ukiwa umeporomoka baada ya utajiri mwingi. Anauuliza moyo wake wako wapi wenye majumba yale, ambayo madaka yake ya kupangia vyombo vya kaure yamegeuka viota vya ndege. Beti hizo hazihitaji mhubiri.

Je, wajua kwamba tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilitoka kama diwani mwaka 1940? Kwa miaka mingi ziliishi vichwani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua na Mwingereza William Taylor walipozikusanya. Muyaka aliwatetea Mazrui, watawala wa Mombasa wa wakati huo, akawachapa mahasimu wao kwa maneno, kisha akageukia mapenzi na shida za mtaani. Ndiyo maana husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Je, wajua kwamba *Sauti ya Dhiki* iliandikwa kwenye karatasi za msalani? Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake, *Kenya: Twendapi?*, kilichoikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Diwani ilichapishwa 1973. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta!

Je, wajua kwamba *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1974, kiliwagawa washairi? Kezilahabi aliacha vina na mizani, akataka ushairi usogee karibu na lugha ya kila siku. Wanamapokeo walihoji kama hayo ni mashairi kweli. Mimi huwasoma wote: Muyaka nikitaka mdundo, Kezilahabi nikitaka kusumbuliwa.

Je, wajua kwamba mizani ina kazi kooni kabla ya kuwa kanuni ya darasani? Katika shairi lililozoeleka mshororo una mizani 16, yaani 8 kwa 8. Kipande cha utenzi kina 8. Hapo pumzi inatosha, sikio linajua mahali pa kutua, na kichwa kinashika. Kwa hiyo ukisoma kimyakimya na kwa haraka, utamu mwingi unakupita. Soma kwa sauti, tua kwenye kina cha kati, rudia ubeti uliokukataa. Na kama una mtu wa kumsomea, msomee.