Unauza ploti? Tafuta mkuu wa sheria hata wa siku moja kwa wiki

Kampuni umesajili. Mna ofisi orofa ya tatu hapo Ruiru, ukurasa wa TikTok unavuma, na kila Jumamosi mnajaza matatu ya kukodi kupeleka wateja kuona ploti. Maajenti mnao sita, na kijana wa droni juu. Na wakili je? “Tuko naye mmoja huko tao, hutuandikia mikataba.”

Shida yako iko hapo. Huyo wa tao humwita wakati shamba mmeshalinunua, mmelikata ploti 40 na amana za watu ziko kwa akaunti. Yeye huandika tu alichoambiwa. Unayemhitaji ni mtu wa kuketi nanyi mezani kabla hamjalipa mwenye shamba, na akisema hapana, mnaachana na shamba hilo.

Kampuni kubwa huwa na mkuu wa masuala ya sheria mwenye ofisi yake na mshahara wa kutisha. Huyo humwezi, na kusema kweli kazi yako haiwezi kumjaza wiki nzima. Lakini wapo mawakili wenye ofisi zao ndogo ambao watakupa siku moja au mbili kwa wiki, kwa malipo ya mwezi mliyokubaliana. (Msimwite Mwanasheria Mkuu tu, bana. Hicho ni cheo cha serikali.)

Unaona ni gharama ya bure? Kumbuka Mavoko, Oktoba 2023. Matingatinga yaliangusha nyumba za watu kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wengi walikuwa wamelipia ploti hizo na kujenga. Aprili mwaka huo huo, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa. Kampuni iliyokinunua ilikuwa na hatimiliki mkononi, na bado ikapoteza, kwa kuwa kiwanja hicho hakikutolewa kihalali tangu mwanzo.

Soma hapo tena. Ile sachi unayofanya kwa haraka ili uanze kupiga matangazo inakuonyesha jina lililo kwenye rejista leo. Haikwambii jina hilo lilifikaje hapo. Mkuu wako wa sheria ndiye atakayerudi nyuma: nani alipewa kwanza, ilikuwa ardhi ya umma au ya watu binafsi, ramani inasema nini, kuna kesi?

Halafu kuna mambo madogo yanayoua kampuni changa. Shamba la Kiambu bado lina jina la guka aliyefariki, na wajukuu wanataka kuuza upesi kwa bei ya kuvutia. Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mali. Bei tamu, ndiyo, lakini utauza nini? Au ni shamba la kilimo: ombi la kibali cha Bodi ya Ardhi linafaa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba unabatilika, isipokuwa mahakama iongeze muda. Wewe ukiwa bize na matangazo, nani anahesabu hiyo miezi? Na kama mnauza mashamba ya watu wengine kwa komisheni, sheria inawataka msajiliwe na bodi ya maajenti wa nyumba na ardhi. Vijana wengi hata hawajawahi kuisikia.

Matangazo nayo ayapitie. “Hati iko tayari” ni ahadi, na mteja atakuonyesha video hiyo siku ya kesi.

Sasa, kumwajiri. Anza na tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Cheti cha kazi cha wakili huchukuliwa upya kila mwaka, kwa hivyo hakikisha cha mwaka huu anacho. Sheria hairuhusu mtu asiye na cheti hicho kukuandikia hati za kuuza ardhi kwa malipo, hata awe binamu yako aliyemaliza digrii ya sheria juzi. Kisha muulize swali moja: mara ya mwisho kumwambia mteja asinunue shamba ilikuwa lini, na kwa nini? Akikosa jibu, mshukuru na umsindikize.

Usimlipe kwa kila ploti inayouzwa. Hapo umemgeuza ajenti mwingine, na ajenti hasemi hapana. Mteja naye awe na wakili wake. Mkuu wako asiwasimamie nyote wawili, hata kama mteja anasema ataokoa doo.

Kwenye mkataba wenu andikeni siku zake za kazi na kitu gani akifanya atalipwa kando, maana kusimamia kesi si sehemu ya siku moja kwa wiki. Andikeni pia kwamba hakuna pesa inayotoka kununua shamba bila sahihi yake. Mkurugenzi mwenzako atanung’unika. Mwonyeshe picha za Mavoko.

Na kazi yake ya kwanza isiwe shamba jipya. Mpe faili la lile mnalouza sasa, umwombe ripoti ya maandishi, na usimamishe kupokea amana hadi uisome.