JE, HELIKOPTA IKIZIMA INJINI HUANGUKA KAMA JIWE?

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, niko kidato cha tatu, na kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, kila jioni narudi nyumbani. Ndiyo maana makala haya yalianzia jikoni kwa mama wala si maktabani.

Nilimwambia mama kwamba nikimaliza shule nataka kusomea ufundi wa helikopta. Akaweka mwiko chini. "Wacha hiyo maneno," akasema. "Umesahau ya Jenerali Ogolla?" Sikuwa nimesahau. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi aina ya Huey ilianguka katika kaunti ya Elgeyo Marakwet. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wanajeshi wenzake 9. Katika ziara hiyo alikuwa akikagua pia ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi. "Hicho chuma hakina mabawa," mama akaendelea. "Injini ikizima, ni jiwe tu."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nikaamua kulitafuta jibu, na leo nawagawia.

Huey ilitengenezwa na kampuni ya Bell ya Marekani, na ya kwanza iliruka Oktoba 1956. Ajabu ni kwamba jeshi la Marekani lilikuwa linatafuta helikopta ya kubebea majeruhi! Baadaye ikapewa kila kazi: kupeleka askari, maji, chakula na risasi, kisha kurudi na wagonjwa. Aina ya UH-1H ni kama matatu. Mbali na marubani, hubeba askari 13 hivi, au majeruhi 6 waliolazwa kwenye machela. Tofauti ni kwamba haina haja ya barabara wala steji. Huenda karibu kilomita 200 kwa saa, na tangi likijaa hufika kilomita 500 hivi. Zaidi ya 16,000 zimeundwa. Kenya nayo ilianza kupewa na Marekani aina ya Huey II mwaka 2016. Hizi ni Huey za zamani zilizofanyiwa ukarabati mkubwa na kutiwa injini yenye nguvu zaidi.

Sasa, je, ni kweli haina mabawa? La hasha! Mabawa yake ni yale mapanga mawili yanayozunguka juu. Ukiyapima kutoka ncha hadi ncha ni mita 14.6, na huzunguka zaidi ya mara 300 kwa dakika. Kila panga limechongwa kama bawa la ndege. Linasukuma hewa chini, nayo hewa inalisukuma juu. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton tuliyofunzwa darasani. Lakini kanuni hiyo hiyo ingefanya mwili wa helikopta uzunguke upande wa pili kama pia. Kwa hiyo ikawekwa feni ndogo mkiani ili kuuzuia.

Rubani naye hana usukani kama wa gari. Mkono wa kushoto unashika wenzo wa kulaza au kuinua mapanga yote kwa pamoja ili ndege ipande au ishuke. Mkono wa kulia unashika fimbo ya kuinamisha duara la mapanga ili ndege iende mbele, nyuma au kando. Miguu inakanyaga pedali za ile feni ya mkiani. Yaani viungo vyote vina kazi kwa wakati mmoja.

Hata hivyo nguvu ina mipaka. Hewa ya joto ni nyepesi, na hewa ya milimani ni nyepesi pia. Mapanga yakikosa hewa nzito ya kusukuma, helikopta inachoka. Mzigo unaobebeka Mombasa alfajiri huenda usibebeke Eldoret saa saba mchana, kwa maana Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Rubani mwema hupiga hesabu kabla ya kupakia.

Turudi kwa swali la mama. Injini ikizima angani, mapanga hayasimami papo hapo. Ni kama baiskeli: ukiacha kupiga pedali kwenye mteremko, gurudumu linaendelea. Rubani hushusha upesi ule wenzo wa kushoto ili mapanga yalale. Ndege inaposhuka, upepo unaotoka chini unapita katikati ya mapanga na kuyazungusha. Karibu na ardhi rubani huinua wenzo, na nguvu iliyobaki katika mapanga inapunguza kasi ili ndege itue. Mapanga ya Huey ni mazito, kwa hiyo huhifadhi nguvu nyingi. Marubani hufunzwa zoezi hili.

Jioni nikamweleza mama hayo yote, hata nikatumia baiskeli ya kaka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na kama iko chini, karibu na miti?"

Jamani, mama hakusoma fizikia, lakini aliligusa donda lenyewe. Ikiwa chini na mwendo ni mdogo, rubani hana nafasi wala muda wa kufanya hayo. Na katika vita vya Vietnam, kati ya Huey 7,000 hivi zilizotumika, zaidi ya 3,000 ziliharibika kwa risasi na ajali. Sikumficha.

Akanyamaza kidogo. "Na nani hukikagua hicho chuma kabla hakijaruka?"

"Fundi, mama. Ndiyo kazi ninayotaka."

Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Aliokota mwiko akasema, "Basi nenda ukasome hiyo fizikia, ugali ukiiva nitakuita."

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, helikopta si jiwe, wala si malaika. Ni chuma kinachotegemea hesabu ya rubani na macho ya fundi. Haraka haraka haina baraka. Kalamu yangu naiweka chini hapa.